Binti wa Gharika

Kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa kiwele cha ng'ombe, na kilikuwa kibaya vilevile kama alivyokusudia kiwe. Kilining'inia chini ya magoti ya nyuma, kimelegea kama mfuko uliobebeshwa kupita uwezo wake, chuchu za mbele zikitazama pembeni. Mhimilishaji, aliyeitwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za chupa, aliutua mtungi wake juu ya sakafu ya banda, akajizuia asitabasamu.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, bibi mkubwa wa mbegu. Au siku hizi tukuite daktari? Huyu binti yako anataka dume tangu asubuhi, kelele zake zimetumaliza."

Binti yake, naam. Kabla ng'ombe huyu hajazaliwa, mzee alifika ofisini akataka dume wa maziwa ya kufurika. Mtungini mlikuwa na mirija ya mbegu za madume wawili. Binti za mmoja walitoa maziwa ya wastani, viwele vyao vimeshikamana vizuri na tumbo. Wa pili aliitwa Gharika: binti zake walijaza ndoo, lakini viwele vyao viliburuzika chini, na wengi waliugua kabla ya uzao wa pili. Mzee hakuuliza habari za viwele. Naye mhimilishaji hakusema. Alimpa alichoomba, tena kwa adabu.

Sababu alikuwa nayo. Baba yake mhimilishaji alipofariki, udongo wa kaburi ungali mbichi, mzee huyu alikuja na kamba akaondoka na kundi zima, akamwachia mjane ng'ombe mmoja mgonjwa wa kiwele. "Huyu anawatosha," alisema. Yeye, msichana wa shule, ndiye aliyepeleka maziwa ya ng'ombe yule kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mpokeaji alichota kidogo, akaionyesha foleni nzima mabonge yake, kisha akayamwaga yote miguuni pake. Mtu mmoja akacheka. Kicheko hicho kilimsukuma kusoma kuliko mwalimu yeyote.

"Nimpime kwanza," alisema.

Alikamulia matone ya kila chuchu kwenye sahani ya vikombe vinne, akatia dawa, akazungusha. Maziwa ya kiwele kigonjwa huvutika kama ute wa yai. Haya yalibaki mepesi. Akamwaga, akarudia.

"Unatafuta nini humo, mwanangu? Umedondosha hereni?"

"Hajawahi kuugua?"

"Augue kwa ruhusa ya nani?"

Mzee alipiga magoti kumkamua, maana kigoda kilikuwa kirefu mno kwa kiwele kile. Aliosha kila chuchu, akaikausha kwa kitambaa chake chenyewe. Alipomaliza kukamua, alizichovya chuchu zote kwenye dawa, kisha akammwagia ng'ombe majani mabichi. "Asilale mpaka chuchu zifunge," alinong'ona, kama mtu anayesema peke yake.

Mhimilishaji aliyajua maneno hayo. "Nani alikufundisha?"

"Nani tena? Kaka, baba yako. Alinichapa mpaka nikashika."

Mhimilishaji alikuwa ameyajibu haya kwenye mtihani na kupata alama zote: umbo la kiwele hurithiwa sana, uzima wake hurithiwa kidogo tu, sehemu kubwa iliyobaki ni ya sakafu na mikono. Lakini alipompigia hesabu mzee huyu, mikono aliisahau. Na sasa aliitazama, mikavu, yenye subira, mikono ya baba yake katika mwili wa mtu mwingine. Ingeweza kumponya ng'ombe wa mjane. Ilijua namna. Ilichagua kamba.

Hasira yake, iliyodhani imeshiba, ikaomba kuongezwa.

"Magoti yameniisha kwa kiwele hiki," mzee alisema akijinyanyua kwa kushika ukuta. "Ningekuwa sikujui, ningesema ulinikomoa."

Mhimilishaji akaisuuza sahani yake ya vikombe.

"Ila maziwa, mama wee! Nipe huyohuyo. Gharika bado yupo?"

"Yupo. Na huyo mtoto wake atakamuliwa na nani? Magoti hayo hayatafika."

"Nitaajiri mtu. Kukamua ni kukamua."

Safari hii, basi, mikono haingekuwepo, na damu ya Gharika ingejirudia mara mbili, binti kwa baba yake. Hesabu ilikuwa kamili, haikubakiza kitu.

Alifungua mtungi. Mirija ya madume wale wawili ilikaa ubavu kwa ubavu ndani ya baridi. Nyuma yake mzee alikuwa akimpapasa ng'ombe mgongoni, akimsemesha kwa sauti ya chini ambayo baba yake aliitumia bandani. Mvuke mweupe ukapanda, ukamfunika mkono hadi kifundoni. Akasubiri utulie, apate kusoma majina.