Vumbi Lenye Miguu

Fundi cherehani alitandaza kitambaa cheupe chini ya mche wa nyanya, akaligonga jani kwa kidole, polepole, kama anayebisha kwa mgonjwa. Vumbi likadondoka. Akainama, akasubiri. Chembe moja ya vumbi ikaanza kutembea.

“Wifi, njoo uone.”

Mke wa kaka yake alisimama pembeni, jembe mkononi. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka kumuuguza mama yake, akakuta majani ya nyanya alizomwachia fundi azitunze yamekuwa ya rangi ya shaba. Sasa alitaka kuzing’oa zote.

“Nimeshaona. Maji ulikuwa unamwagilia, au unakunywa mwenyewe?”

“Nilimwagilia.”

“Basi zimeungua kwa aibu.”

Mawifi hawa walizoea kutaniana, lakini utani wa leo haukuwa na kicheko, na hilo ndilo lililomchoma fundi. Isitoshe, neno hilohilo la kuungua lilikwisha kumponza. Alikwenda duka la pembejeo akasema nyanya zinaungua. Muuzaji, ambaye hakuona jani, akampa dawa ya ukungu. Alinyunyiza, hali ikabaki vilevile.

“Vumbi linatembea,” alisema fundi.

Wifi akapiga goti shingo upande. Akatazama. Akatazama tena.

“Vidukari?”

“Vidukari wangejazana kwenye machipukizi, na sisimizi wangewafuata. Inzi weupe wangeruka nilipogonga. Hawa nadhani ni utitiri wanaofyonza majani.”

“Unadhani.”

“Nadhani.” Fundi akaligeuza jani. Upande wa chini ulikuwa na utando mwembamba kuliko uzi wowote aliowahi kutunga kwenye sindano. “Kinachonishinda ni kile pale. Maji ni yaleyale, mbona mstari wa nyanya ulio kando ya ukuta ni wa kijani?”

Wifi akageuka. Ukutani kulikuwa na kivuli. Huku kwenye jua, lori lilikuwa likipita barabarani, na vumbi lake likaja kutua juu ya majani mbele ya macho yao.

“Mvua imekatika tangu lini?” aliuliza.

“Tangu ulipoondoka.”

“Jua, ukavu, vumbi.” Wifi akapangusa jani moja kwa kidole. “Wamepata wanachokipenda. Kumbe ulimwagilia.”

“Mizizi. Majani sikuyaosha.”

“Na nani huosha majani, wifi? Kwani yanakwenda shule?”

Fundi akacheka, mwenzake naye akacheka, jembe likalazwa chini.

Wakachuma majani yaliyoharibika sana, wakayafunga kwenye mfuko. Kisha wakaanza kuosha mstari wa kwanza, jani kwa jani, upande wa chini hasa. Fundi alipogeukia wa pili, wifi akamshika mkono.

“Huu tuuache hadi kesho. Tugonge mistari yote miwili juu ya kitambaa chako, tulinganishe. Tusije tukadhani tena.”

Jua lilikuwa limekwisha kushuka, na ndoo haikuwa na maji.

“Na huu usiuguse kabla sijaamka,” aliongeza wifi. “Nakujua.”