Maikrowevu Inayochemsha Jumapili

Taa inawaka. Sahani inazunguka. Inanguruma weee, halafu inalia ti-ti-ti kwa maringo kama imefanya kazi ya maana. Ukifungua mlango, mtori wa ndizi ni baridi.

"Yesu wangu! Sasa kelele zote hizo zilikuwa za nini?" Ndelilio aliiuliza ile maikrowevu, akakilamba kidole alichochovya kwenye bakuli. Alikuwa ameshaurudisha mtori ndani mara tatu mchana ule. Moto ulikuwa haupo hata wa kusingizia.

Mumewe Ebenezeri alikuwa ameegemezwa mito kwenye kiti cha dirishani, akimtazama. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana mkono wake wa kulia ulilala, na ulimi ukalala nao. Masikio yalibaki mazima. Ukaidi nao ulibaki, tena ulizidi. Chakula cha baridi hali, uvuguvugu hataki hata kuusikia. Ukimtilia kijiko mdomoni anakiachia kitiririke kidevuni, huku anakutazama tu, na wewe na kitambaa chako ufanye unavyojua. Siku asizokula vizuri hata kuketi kulimshinda.

Mtu atauliza, kwani kuni zimekwisha Machame? Hazijaisha. Kilichokwisha ni kifua cha Ndelilio. Ameupuliza moto wa mafiga tangu akiwa msichana, na daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake akamwambia wazi: mama, ukiendelea na moshi utamtangulia mgonjwa wako. Gesi walijaribu. Siku moja akasahau kuifunga, nyumba nzima ikajaa harufu, na ni Mungu tu kwamba hakuna aliyewasha kiberiti. Goodness, binti yao wa pekee anayefanya kazi Dar es Salaam, alipopata habari alipanda basi usiku uleule, akaugawa ule mtungi kwa watu, akamletea mama yake maikrowevu. Mtori ungepikwa asubuhi na jirani yao Theopista kabla hajakwenda shambani, na kazi ya Ndelilio ingekuwa kuupasha tu mchana na jioni.

"Ila mama, hii ndiyo ya mwisho," Goodness alisema, na hakuwa anatania. "Nikisikia umerudi kwenye moshi, au baba hali, nakuja kuwachukua wote wawili tukaishi Dar. Siwezi kuwazika wazazi wangu wote kwa ajili ya kihamba."

Kihamba! Ukilitamka neno hilo mbele ya Ebenezeri ujipange. Kwa mgeni ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Kwa Ebenezeri ndipo alipozaliwa, ndipo babu yake alipolala, na baba yake yuko pale, hatua chache kutoka mlangoni, kwenye kijiua kilichozungushiwa masale, mimea ya kuheshimu makaburi. Usimwambie kwamba hata akifia Dar atarudishwa kuzikwa hapo. Anajua. Kwenye sanduku kila Mchagga hurudishwa. Yeye alitaka kuwapo akiwa hai.

Sasa uchungu wenyewe ni huu: siku Goodness alipoiwasha ile mashine, Jumapili baada ya ibada, maziwa yalichemka mpaka yakafurika. Ndelilio alipiga kigelegele, Ebenezeri akanywa kikombe kizima. Jumatatu Goodness akaondoka, na mashine nayo ikaacha kazi, kama kibarua aliyeona tajiri kapanda basi.

Ndelilio hakumwambia binti yake kitu. Alimwacha Theopista na mgonjwa, akaifunga mashine kwa kanga, akateremka nayo Moshi mjini kwa fundi Sadallah, nyuma ya soko.

"Shikamoo mama," Sadallah alisema, akaipokea kabla mgeni hajaketi.

"Marahaba, baba. Hii inanguruma bure. Haipashi."

"Aa, hiyo naijua. Kile kidude chake cha kutoa moto kimekufa. Na kikifa kile, mama, nakuambia ukweli, ni bora kununua nyingine."

Moyo wa Ndelilio ukashuka mpaka kwenye viatu. Lakini Sadallah alikuwa mtu wa kujaribu kabla ya kufungua. Akaweka kikombe cha maji ndani, akabonyeza. Mlango ulipofunguliwa, mvuke ukatoka.

Sadallah akamgeukia.

"Mama, unataka nitengeneze nini hapa?"

Ndelilio alichovya kidole, akakitoa haraka. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alishukuru, akaifunga tena, akapanda nayo mlimani. Jioni akaweka mtori. Ikanguruma, ikazunguka, ikalia ti-ti-ti. Baridi.

Mara ya pili alishuka akiwa amefura. "Wewe baba, unanichezea? Unaiamuru ichemshe ukiwapo?" Sadallah alifungua mlango wa mashine. Aliweka chai yake iliyopoa, akaitoa inafuka, akainywa palepale. Mafundi wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. "Labda huko kwako inaona aibu, mama!" mmoja akasema. Ndelilio alitaka kucheka nao, yakamtoka machozi. Alisimama katikati ya maredio na pasi mbovu za watu, mama mzima wa kanisa, analia. Hakujua afanye nini, na ndiyo hali mbaya kuliko zote: kitu ni kibovu na hakina ubovu.

Kicheko kikakatika. Sadallah akavua kofia yake, akaishika mkononi. "Mama, wallahi nami hii siielewi. Kesho nakuja mwenyewe."

Na kweli akaja, na kipimo cha umeme mfukoni na stabilaiza nzito begani. Alimwamkia Ebenezeri kwa adabu zote, akamshika ule mkono uliolala. Kisha akachomeka nyaya za kipimo ukutani. Akakigonga kidogo kwa ukucha. Akakitazama tena.

"Lahaula! Mama, mashine ni nzima. Umeme wenu ndio mgonjwa."

"Mgonjwa vipi? Si taa inawaka?"

"Taa haina makuu. Hata sahani kuzunguka, kidogo inatosha. Lakini kutoa moto kunataka umeme uliokamilika, na huu unafika hapa umechoka." Akachomeka stabilaiza, chombo cha kuuongezea umeme nguvu. Ikafanya tak, ikazima. Tak, ikazima. Sadallah akachomoa. "Unaona? Hata hii haina pa kuanzia."

Ng'ambo ya migomba mtu alikuwa anachomelea mageti, na kila alipogusa chuma taa ya sebuleni ilififia. Mashine ya kusaga nayo ilikuwa inaunguruma. Ndelilio alisikiliza, akaelewa. Jumapili nani anachomelea? Nani anasaga? Watu wote wako kwenye ibada au mapumziko.

"Transfoma yenu iko wapi?" Sadallah aliuliza.

"Ng'ambo ya korongo, kule njia panda."

"Mbali hivyo! Nani aliwaambia waiweke huko?"

Ndelilio alitupa jicho dirishani, kwa sababu aliyewaambia alikuwa ameketi pale anasikiliza.

Umeme ulipoletwa kijijini, transfoma ilitakiwa iwe upande huu, na njia ya nyaya ilikuwa moja tu, kwani kushoto ni korongo na kulia ni nyumba za watu. Njia hiyo ilipita kwenye kihamba cha Ebenezeri, na nguzo moja ilitakiwa kusimikwa kwenye kijiua chenye masale. Walipokuja kuchimba, Ebenezeri alisimama pale na panga. Hakumkata mtu, hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba hawezi kukubali baba yake atobolewe kifuani ili watu waone taarifa ya habari. Vijana wakanung'unika, wazee wakampa mkono, na Ndelilio, tuseme kweli, alitembea na kichwa juu mwezi mzima. Huyo ndiye mume! Transfoma ikapelekwa njia panda, nyaya zikazunguka kijiji kizima, nyumba yao ikawa ya mwisho kabisa. Kila aliyeongeza mashine alichota kabla yao.

"Kibovu nakiweza, mama," Sadallah alisema akifunga vitu vyake. "Kizima kinanishinda. Nisamehe."

Jioni ile Goodness alipiga simu. Jumamosi anakuja, ameazima gari la rafiki yake, anataka kuona wanavyoendelea. "Baba anakula?" Ndelilio akasema anakula. Alipoikata simu alikaa kwenye kigoda akajiona hana mkono wala mguu.

Asubuhi alikwenda kwa Yoramu, mwenyekiti wa kitongoji. Yoramu alimkaribisha, akamsikiliza, akajikuna kichwa.

"Mama, Mungu ana mambo yake. Watu wa umeme wanataka kuongeza transfoma nyingine, na wamerudi kuuliza njia ileile. Mchoro hauna nyingine. Mwenye kihamba akikubali, wanaanza wiki hii. Akikataa, inakwenda kijiji cha pili, na kuipata tena sijui lini. Mimi nilikuwa naogopa hata kuja kwako."

Ndelilio alishika kifua. "Wiki hii?"

"Wiki hii. Na tena mama..." Yoramu akapunguza sauti. "Mzee hasemi. Wewe ukija ukaniambia amekubali, nani atabisha?"

Njia nzima ya kurudi neno lile lilimfuata. Nani atabisha? Kweli, nani? Angefika nyumbani akakaa kimya, nguzo ingekuja, mtori ungechemka, Goodness angerudi Dar na gari lake tupu. Lakini alipoingia na Ebenezeri akageuza shingo kumtazama, mpango wote ukamwishia mdomoni. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akamweleza kila kitu, mpaka maneno ya Goodness, mpaka Jumamosi.

"Sasa Baba Goodness, nakuuliza. Wapitishe?"

Ebenezeri alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Ndelilio akadhani amesinzia. Kisha akatikisa kichwa: hapana.

"Hujanielewa. Wasipopitisha tunaondoka. Hapa! Tunaondoka hapa!"

Hapana.

Hasira zikampanda Ndelilio, hasira za miaka arobaini ya kuolewa na jiwe. "Mkaidi wewe! Ndiyo maana uko hivyo! Yule pale ni mifupa, hajui nguzo wala umeme, na wewe ndiye unayepumua! Unataka uondoke wewe, yeye abaki?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Ebenezeri upande mmoja wa uso. Akaunyoosha mkono wa kushoto, akamshika mkewe kifundo cha mkono, akainamisha kichwa polepole: ndiyo.

Ndelilio alitamani kumpiga. Alitamani kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa pale ameshikwa mkono, na mtori ukazidi kupoa mezani.

Alirudi kwa Yoramu kabla jua halijazama. Yoramu alimwona kwa mbali, akasimama, uso umejaa matumaini.

"Amesemaje, mama?"

Ndelilio alifungua mdomo. Lilikuwa neno moja tu, jepesi, na hakuna kiumbe ambaye angemsuta.

"Amekataa," alisema.

Jumamosi Goodness alifika, akambusu baba yake, akaona mashavu yalivyobonyea. Akaenda moja kwa moja kwenye maikrowevu na kikombe cha maziwa. Alichovya kidole, akachovya tena, akamgeukia mama yake. Ndelilio akamwambia yote, bila kuficha hata safari zake za mjini.

"Mama! Si ungesema tu amekubali? Nani angejua?"

"Yeye angejua."

"Angefanya nini? Hasemi!"

"Mimi ndiye ninayemlisha, Goodness. Kijiko kwa kijiko, na muda wote ananitazama machoni. Ningemlishaje?"

Goodness alitoka nje, akasimama kwenye migomba, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Hakugombana tena na mtu. Akashusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za baba yake.

Wanaume wawili wa jirani walimbeba Ebenezeri kwenye kiti. Walipofika penye masale hawakuambiwa, walisimama wenyewe, wakageuza kiti ili aone. Alitazama. Hakuna aliyesema harakisheni. Mwisho yeye mwenyewe akainua mkono wa kushoto, akawaonyesha gari.

Ndelilio alibaki nyuma kufunga mlango, na hapo ndipo alipokwama. Nyumba ile tangu ijengwe haikuwahi kubaki bila mtu ndani, usiku wala mchana, wala siku ya Krismasi wala siku ya msiba. Komeo la ndani lilikuwepo. La nje hakuna aliyewahi kulihitaji. Theopista akakimbia kwake, akaleta kufuli la banda la mbuzi na kipande cha mnyororo, na wakasaidiana kuuzungusha.