Kimo cha Wilf

Wilf aliletwa kwetu Ijumaa moja ya Novemba, mvua ikinyesha ile mvua yetu ya Yorkshire isiyojua kuacha. Alikuwa amefungwa ndani ya koti la jamaa wa halmashauri anayeokota mbwa wa mitaani. Jamaa alimkuta nyuma ya kiwanda kilichokufa cha sufu, kamba shingoni, mwenyewe hayuko. Mbwa mzima alibebwa kwa mkono mmoja. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni, na mifupa ya nyonga ilikuwa imetokeza mpaka ngozi ikachubuka.

Kazi yangu katika kituo cha Hilary Sugden ni kulisha, kufua matandiko na kuzoa mavi. Nimeifanya kwa miaka mingi na sijutii. Nimeng'atwa mara kadhaa, kwa hiyo mtu asije kunifundisha kwamba mbwa ni malaika.

Mwaka ule wakubwa wa London walikuwa wametangaza kupiga marufuku wale mbwa wakubwa wenye vifua vipana na vichwa kama ndoo. Kweli kulikuwa na watu walioumizwa, na wengine waliuawa, na sitasema hapa kwamba lilikuwa jambo dogo. Lakini sheria yenyewe ilikuwa ya macho na futi kamba. Mbwa akifanana, basi ndiye, hata kama maisha yake yote hajamkwaruza mtu. Aliyekuwa naye tayari aliruhusiwa kumwandikisha, kumhasi na kumfunga mdomo kila anapotoka. Ila mwaka ukishaisha, hakuna tena kuuza, kutoa wala kupokea. Kituo kama chetu, kikibaki na mbwa wa namna hiyo baada ya tarehe ile, hakikuwa na la kumfanyia ila kumwita daktari wa mifugo na sindano yake.

Tulikuwa nao wawili waliofanana hasa, Duchess na Bronco. Hilary alihangaika kama kuku mwenye vifaranga, akapiga simu hadi sauti ikamkauka, na kabla ya katikati ya Desemba wote wawili walikuwa wamepata kwao. Wilf hakuna aliyemfikiria. Daktari alimgeuza huku na huku akasema bibi yake huyu alikuwa mbwa wa mashindano ya mbio, tukacheka, yakaisha.

Noreen Tattersall alikuja kuleta mablanketi ya zamani. Ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, magoti mabovu, alipikia watoto wa shule maisha yake yote ya kazi, na mdomo wake hauna breki. Alisimama mbele ya banda la Wilf akamtazama kwa muda.

"Avril," aliniambia, "huyu mnamlisha au mnamwonyesha picha za chakula?"

Kesho yake alirudi na soseji. Keshokutwa vilevile. Akawa haulizii tena mbwa wengine, anaingia moja kwa moja kwa Wilf, anakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa na kumsimulia habari za majirani zake, nyingi zikiwa za uzushi. Alimfundisha jambo moja tu. Alikuwa akisema, "Simama vizuri, Wilf," na mbwa yule anapanga miguu yake minne, anatoa kifua, anainua shingo, kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Hapo ndipo soseji inatoka mfukoni. Noreen alisema watoto elfu moja walipita kwenye foleni yake ya chakula na hakuna aliyewahi kusimama hivyo.

Alipoomba kumchukua, Hilary alikubali papo hapo, lakini baada ya sikukuu. Kwetu ndivyo ilivyo, na vituo vingi ndivyo vifanyavyo: wiki za Krismasi mbwa hatoki. Watu hununua mbwa kama wanavyonunua mdoli, wanamfunga utepe shingoni, na Februari wanaturudishia, utepe bado upo.

"Mimi na umri huu nitamfunga utepe nimpe nani?" Noreen aliuliza. "Marehemu mume wangu?"

"Noreen, hata Mfalme akija leo anaondoka mikono mitupu. Wiki ya pili ya Januari ni wako. Na anenepe kwanza, aibu ukionekana naye mtaani hivi."

Basi tukamnenepesha. Uji wa shayiri asubuhi, mayai, matumbo kutoka kwa muuza nyama wa sokoni. Siku ya Krismasi Noreen alikuja na bata mzinga na mchuzi mzito kwenye chupa ya chai. Wilf alikula kila tulichompa, na kila alichokula kilijua pa kwenda. Kwanza mbavu zilifunikwa. Kisha shingo ikajaa, mashavu yakavimba, mabega yakaachana. Mwaka Mpya ulikuwa umeshaingia asubuhi ile nilipofungua lango na kumwona akija kwangu kwa furaha. Kile kifua nilikijua. Nilikuwa nimekisafishia banda miezi yote ya Duchess na Bronco.

Nilijifanya sijaona, na nadhani Hilary naye alikuwa akijifanya hivyo hivyo, kwa sababu kila Wilf aliposimama yeye alitazama kwingine. Lakini msichana anayetuwekea picha mtandaoni hakuwa na habari. Akaweka mbili pamoja, Wilf wa Novemba na Wilf wa Januari, watu wafurahi. Walifurahi kweli. Mmoja wao akapiga simu polisi.

Konstebo Rafiq alikuja siku ileile ambayo Noreen alikuja kumchukua mbwa wake. Noreen alikuwa amemletea ukanda mpya wa shingoni, wa ngozi nyekundu. Hilary alimwambia kuna ukaguzi mdogo tu, asubiri nje ya uzio. Hakumwambia zaidi, maana angelilia pale pale na mbwa angevurugika.

Rafiq ni mtu mpole. Alichuchumaa, akamwacha Wilf amnuse viganja, akamkuna masikio. Kisha akapima kichwa, akapima kifua, akaandika, uso wake ukazidi kuwa mzito. Alituita mimi na Hilary pembeni.

"Kichwa ndicho, kifua ndicho," alisema taratibu. "Kimebaki kimo. Asipofika kimo, huyu ni chotara tu na mimi naenda kunywa chai yangu."

Alitoa fimbo ya kupimia, ile yenye mkono wa kuteremsha hadi begani. Wilf aliiogopa. Alijikunja, mgongo ukashuka, kichwa kikawa karibu na magoti. Rafiq aliteremsha ule mkono polepole hadi alama ya kimo cha sheria, na nikaona kwa macho yangu mwanya kati ya chuma na manyoya, unaotosha kupitisha kidole. Hilary alinishika mkono akanibana. Nilikuwa naomba, mimi ambaye kanisani naenda kwa mazishi tu.

Nje ya uzio, Noreen aliona mbwa wake anajikunja mbele ya polisi kama mwizi. Akadhani anatutia aibu. Akataka kumsaidia.

"Simama vizuri, Wilf!"

Wilf akasimama vizuri. Miguu minne, kifua mbele, shingo juu. Chuma kikagusa bega lake na kuinuliwa nalo.

Rafiq alifumba macho kidogo. Alisubiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika, labda akitumaini mbwa atachoka ashuke. Wilf hakushuka, alikuwa anangoja soseji.

"Natakiwa kumpima akiwa amesimama sawasawa, mama," alimwambia Hilary. "Na huku ndiko kusimama sawasawa."

Noreen tulimwambia tu kwamba mbwa ameshindwa vipimo; habari za kimo hatukuzigusa. Siku zilizofuata Hilary aliongea na kila mwenye masikio. Wakili alisema kama mbwa angekuwa na mwenyewe kabla ya mwaka kuisha, mwenyewe yule angeweza kumwombea mahakamani. Noreen aliposikia hivyo alisema basi mwenyewe ni yeye, amekuwa mwenyewe tangu siku ya soseji ya kwanza, na yuko tayari kuapa mbele ya jaji yeyote. Hilary, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata bei ya mboga, alisema naye ataapa. Wakili akatuonyesha zile picha mbili. Chini yake, kwa jina la kituo chetu, iliandikwa kwamba Wilf sasa yuko tayari kupata makao yake ya kwanza. Mbunge alijibu kwa barua nzuri isiyo na kitu ndani. Nilitaka kumtia Wilf kwenye gari na kuondoka naye, lakini kwenda wapi? Scotland nako walikuwa wanaleta sheria hiyohiyo. Nilikaa kwenye gari uani, ufunguo mkononi, kisha nikashuka nikaenda kulisha wengine. Sijawahi kujiona bure kama siku ile.

Siku iliyopangwa ilifika. Daktari alikuja mchana, yuleyule aliyekuwa amecheka nasi Novemba. Hakutaka kututazama. Noreen alikataa kubaki nyumbani. Alimvalisha Wilf ule ukanda mwekundu wa shingoni, akampa soseji, akampa nyingine. Daktari aliomba, kwa sauti ya chini, mbwa alale chini.

Wilf hakujua kulala kwa kuambiwa. Hakuna aliyemfundisha. Alimtazama Noreen, akatazama mfuko wake, na akafanya lile alilolijua: akasimama vizuri. Kila tulipomgusa kumlaza alizidi kunyooka, mkia ukienda huku na huku, kwa jinsi alivyotaka kutupendeza. Daktari alirudi nyuma na sindano yake akageukia dirisha.

Ikabidi Noreen ashuke. Alishika ukuta, akapiga goti moja, akaguna, akapiga la pili, kisha akajilaza ubavu kwenye sakafu ya saruji na koti lake la Jumapili. Wilf alimshangaa kidogo. Akamlamba sikio, akazunguka, akajilaza mgongo wake ukiwa tumboni kwa Noreen.

Ilipokwisha, mimi na Hilary tulimwinua Noreen kwa kumshika makwapani. Magoti yalikuwa yamegoma na uso ulikuwa umelowa, naye hakuufuta. Alijipangusa koti akatazama mlango.

"Angalau yule polisi aliona alivyo na adabu," alisema. "Mlimwona alivyosimama?"

"Tulimwona, Noreen," Hilary alimjibu.

Nilichukua bakuli la Wilf nikatoka nalo nje kwenda kuliosha.