Supu Nyeusi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Wincenty ni kwamba hufungua kifungo cha kola kabla ya kuimba, kisha husahau kukifunga.

Alisimama nyuma yangu kwenye kwaya ya kijiji. Mimi sikumaliza hata shule ya msingi, noti sizijui, kwa hiyo alinivumia sauti yangu polepole mpaka nikaishika. Bi Leokadia, mwalimu wa kwaya, alikuwa ameleta wimbo mpya wa mzaha, uliotungwa kutokana na nyimbo za wazee: harusi ya bata na chura. Wanawake tunalia kwa-kwa-kwa, wanaume, vyura, wanajibu kroo-kroo.

"Bronka, bata gani huyo anaomba radhi?" Bi Leokadia aliniuliza. "Lia kama umeibiwa mayai."

Watu wakacheka. Wincenty akaninong'oneza, "Jumapili nitakuja kwenu. Nataka kuongea na shangazi yako."

Nilijua anakuja kusema nini. Jumapili nikachinja bata, nikapika supu ya damu yake, kwa siki na peasi zilizokaushwa, kama tunavyompikia mgeni wa heshima kwetu magharibi, upande wa Poznań. Wincenty aliitazama sahani. Akala vijiko viwili, akashukuru, akachukua kofia yake. Lile alilotaka kuongea na shangazi hakuligusia.

Kijijini hapa sote tulihamia baada ya vita, kila mtu na mila za kwao. Stefka, jirani yangu, ametoka mashariki kama Wincenty. Yeye ndiye aliyenieleza.

"Shoga, umempa supu nyeusi? Kwetu posa hukataliwa hivyo. Hata mdomo hufungui."

"Sikujua."

"Basi kamwambie. Au unangoja bata amwambie?"

Nilikwenda mazoezini na maneno yangu tayari. Nikakuta Wincenty ameomba kuhamia sauti ya nne, ukutani kule.

"Haya, leo umekuwa na sauti nzito," Bi Leokadia akamtania. Hakucheka. Mazoezi yalipokwisha nikarudi nyumbani na maneno yangu yale yale.

Siku ya tamasha ukumbi ulicheka mpaka watu wakajifuta machozi. Nililia kwa-kwa-kwa, naye akajibu kroo-kroo, macho yake kwenye mikono ya Bi Leokadia. Theluji ilipoyeyuka akapata kazi ya reli, mbali. Nyuma yangu sasa hasimami mtu.

Wincenty, ile ni supu yetu ya Jumapili. Nilikuwa nimeshakubali kabla hujaketi.