Mguu wa Agnetha Kwenye Breki

Alasiri ile tulitakiwa kumfuata bibi harusi wa kaka Tobias kule Ulyankulu, na breki za gari zilikuwa zimeingia upepo. Niliweka mawe kwenye matairi, nikalala chini, nikamwambia mdogo wangu Agnetha akanyage pedali na asiiachie mpaka nifunge nati ya kutolea upepo.

"Nimekanyaga!"

Nikaifungua nati. Mafuta ya breki yakatoka na mapovu. Ghafla pedali ikaachiwa, upepo ukarudi ndani.

"Agnetha!"

"Mzee Humaidi amepita, kaka. Nimeshuka kumwamkia."

Nikajaza mafuta, tukaanza upya. Akapita Mama Xavery. Agnetha akashuka tena, akapiga goti.

"Amkia umekaa!"

"Niwaamkie wakubwa nimekaa kama chifu?"

"Basi bila breki bibi harusi tutampitiliza mpaka Kaliua!"

Nikaenda kumwomba bibi yetu, ambaye mtaa mzima wa Isevya hakuna aliyemzidi umri, akakae yeye kwenye usukani. Akakanyaga kwa nguvu. Wapita njia wakaanza kusimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sishuki, naendesha."

Mafuta yakatoka bila povu hata moja, nami nikafunga nati.