Kikombe cha Wawili

Kijiko kiligonga kikombe jikoni kabla hakujapambazuka, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Nilijua ni mkamwana wangu. Alikuwa ananikorogea limau na chumvi katika maji ya moto, maana usiku alinisikia nikikohoa. Aliniletea, akanifunika shuka mabegani, akarudi kunichemshia maji ya kuoga.

Yalikuwa mafua tu. Siku nyingine ningeyabeba kama ninavyobeba magoti yangu, bila kumsumbua mtu. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nasafiri kwenda kumwona mdogo wangu, niliyemwachia ziwa. Alikuwa amelazwa, na damu yake haikuwa tena na nguvu ya kupigana na chochote. Daktari alishamwambia mwanangu ukweli: dawa zimegoma, anayetaka kumwona asikawie. Naye muuguzi alishasema kwa simu kwamba mwenye mafua asiingie, kwani kikohozi ambacho kwetu ni usumbufu, kwake ni kaburi.

Mwanangu, fundi wa magari, alisema mafua hayajaandikwa usoni, nani atajua. Alikuwa amenitafutia vidonge vya kukausha pua.

"Mama, chafya ikija, jifanye unacheka," aliniambia.

Mkewe alimtazama tu, akaendelea kufunga begi langu. Juu ya nguo aliweka kikombe cha bati nilichomwomba.

Tulipokuwa wadogo, mmoja wetu akiugua, mama alitunywesha wote wawili katika kikombe hicho. Alisema ugonjwa ukigawanywa hupungua. Basi tuliugua wote, kila mara, na mama hakuacha, na sisi hatukuacha kumwamini. Hata tulipoolewa, mmoja akisikia mwenzake ana homa, alikwenda akanywa naye. Ndiyo ilikuwa pole yetu.

Njiani vidonge vilifanya kazi. Nilifika kwenye mlango wa wodi nikiwa mkavu kama kuni. Muuguzi, binti mwenye viatu vilivyoshonwa ubavuni, aliniamkia, kisha akauliza, "Bibi, una mafua au kikohozi?"

Mwanangu alinikanyaga mguu kidogo.

Nyuma ya muuguzi kulikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo mdogo wangu. Kichwa hakina unywele, mikono kama miiko. Aliniona, akaanza kuhangaika ainuke.

"Mafua ninayo," nikasema. "Nimeyakausha kwa vidonge, lakini ninayo."

Hakunigombeza. Alikwenda kuleta kiti chake mwenyewe, akaniwekea karibu na dirisha. Akapiga simu ya mwanangu kwa simu yake, mwanangu akanipa ya kwake niiweke sikioni, naye muuguzi akaingia ndani, akamshikia mgonjwa sikioni.

"Umekuja kuniangalia kama mkate dukani," mdogo wangu akasema. "Si uingie."

Nikamweleza kuhusu mafua. Akacheka, ingawa sikusikia sauti.

"Basi ndiyo vizuri. Kikombe umekuja nacho?"

Kilikuwa mapajani mwangu. Nikakiinua akakiona, na papo hapo nikajuta.

"Mpe muuguzi aniletee. Anza wewe, mimi nimalizie. Nimechoka kuugua peke yangu, dada."

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuelekea kioo. Nilijua vizuri kilichokuwa kinaombwa, na nadhani na yeye alijua. Nikamwambia hapana. Tangu tuzaliwe sikuwahi kumnyima hicho.

Aligeukia ukuta. Muuguzi hakuiondoa simu. Alizunguka kitanda akaishika upande wa pili, ameinama, mgongo wake bila shaka unamuuma. Mwanangu alikwenda kusimama mbali, akiangalia sakafu. Nilikirudisha kikombe ndani ya begi, nikakifunika kwa nguo.

Tulikaa hivyo, sisi wawili na kioo chetu. Nguvu za vidonge ziliisha, kifua kikaanza kuwasha, nikakohoa ndani ya mtandio nikijaribu kuzuia sauti. Alinisikia kwenye simu. Akageuka polepole, kama mzigo unaosukumwa.

"Kohoa vizuri, usijibane," akasema. "Utaumia mbavu."

Nikakohoa. Alisubiri hadi nilipomaliza, macho yake hayaniachi.

"Ukipona uje tena," akasema. "Usikawie, dada. Uje tena."