Njano ya Siku ya Nne

Kwa watu wa mume wangu, mtoto wa kiume hukaa ndani siku nne kabla ya kuona jua. Chumba chetu cha kupanga hapa Kitengela kilikuwa na dirisha moja, na mama mkwe, aliyekuja kwa basi kutoka Siaya kunisaidia uzazi, alilifunika kwa blanketi. Kwa hiyo zile siku za kwanza Melvin nilimjua kwa kumshika tu. Ilikuwa mwaka wa 2003, na Dalmas, mume wangu, alikuwa safarini Arusha na lori.

Asubuhi ya siku ya nne tulimtoa mlangoni. Mama mkwe akaanza kuimba. Mimi nilimtazama mwanangu. Uso wake ulikuwa kama malenge yaliyochemshwa. Nilibonyeza paji lake kwa kidole, nikaachilia, na pale pa kidole pakabaki njano. Nikamfungua jicho. Hata weupe wa jicho ulikuwa umegeuka.

"Mama, mtoto ni njano."

"Watoto wengi huanza hivyo, nyar Bungoma." Ndivyo alivyoniita, binti wa Bungoma, kwa sababu kwao mke huitwa kwa pale alikotoka. "Muweke kwa jua kidogo."

"Hanyonyi. Tangu jana ni kulala tu."

"Wewe mwenyewe mtu akikusalimia unaangalia viatu. Mtoto wako atapiga kelele ametoa wapi?"

Nilicheka kwa aibu. Shule niliachia darasa la sita, na mbele ya watu maneno hunikwama. Lakini nilimfunga Melvin ndani ya shali yake, nikachukua kadi ya kliniki na kutoka. Mama mkwe alipoona sirudi nyuma, alinifuata akinung'unika mpaka hospitalini Kajiado.

Walimtoa damu kisiginoni. Daktari Irungu, kijana mpole, alirudi na namba: mia tatu na kumi.

"Damu ikivunjika huacha rangi ya njano, inaitwa bilirubini," alituambia. "Ini ndilo linaiondoa. La mtoto mchanga bado halijazoea kazi, kwa hivyo njano kidogo si ajabu. Hii si kidogo. Ikipanda sana inaingia kwa ubongo. Inaweza kuharibu masikio, shingo, miguu. Ikiharibu, hatuna dawa ya kurudisha."

Melvin alilazwa uchi chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa kwa bendeji. Tuliambiwa tumtandikie nguo ya nyumbani, tukatandika shali.

Kesho yake namba ilikuwa mia tatu hamsini na mbili. Daktari alikunja uso.

"Taa zinafanya kazi. Damu ya mama na ya mtoto ni kundi moja. Kuna kitu bado kinavunja damu yake. Ikifika mia nne, tunampeleka Nairobi abadilishwe damu." Akatuuliza mambo mengi. Tulimpa dawa? Mitishamba? "Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kwa nguo, mnatumia?"

Mama mkwe alisimama wima. "Daktari, kwangu hakuna mende. Sisi ni watu wasafi."

Daktari akaanza kuandika.

Mimi nilijua. Nguo zote za Melvin zilikuwa za Dalmas alipokuwa mchanga. Zilikaa sandukuni miaka ishirini na sita, na kila mwaka mama mkwe aliongeza vidonge. Hatukuzifua. Alisema maji yetu ya chumvi yangezikausha, tena zilikuwa zinanukia usafi. Sasa joto la taa lilikuwa limeamsha ile harufu mpaka nilipoketi. Kwetu mkwe hapingwi mbele ya mgeni. Nilimtazama Melvin, mbavu zake zikipanda na kushuka juu ya ile shali.

"Viko," nilisema.

Daktari hakusikia. Nikasimama.

"Viko, daktari. Kwa shali hii. Kwa nguo zote alizovaa tangu azaliwe."

"Nyar Bungoma!"

"Nisamehe, Mama. Viko."

Nilimwinua mtoto, nikaivuta shali na kuitupa nje ya mlango kwa mkono wangu.

"Kuna watoto wanaozaliwa na damu isiyovumilia hivyo vidonge," daktari alisema. "Kule kwenu magharibi wako wengi. Wakivuta tu ile harufu, damu inapasuka. Tutampima."

Mama mkwe akafungua leso kiunoni. "Hii nimefua juzi kwa sabuni ya mche," alimwambia daktari kwa ukali. "Nusa."

Daktari akanusa. Tukaitandika.

Jioni namba ilikuwa mia tatu sitini. Kesho yake mia tatu na kumi na tano. Siku iliyofuata mia mbili na arobaini, na Melvin akanyonya kwa nguvu mpaka nikauma meno.

Siku ya kutoka, daktari alisema damu yake ni ile aliyoshuku, lakini hawezi kuahidi kuhusu masikio. Ilibidi apimwe kila mwezi kwa miezi sita.

"Si amepona?" mama mkwe aliuliza. "Kajiado ni mbali."

"Tutakuja," nilisema.

Nilimwomba daktari aandike tarehe zote sita kwenye kadi. Nikazisoma kwa sauti, moja moja, mbele yake, ili nisikosee hata moja.